Kujifunza Misingi ya Fedha za Kampuni: Mitihani ya Bodi, Darasa la Jioni, Mihadhara ya Bure au Ripoti za Mwaka?

Somo la fedha za kampuni lina maswali matatu makubwa: kampuni iwekeze wapi, ipate wapi mtaji wa kuwekeza, na iwarudishie wenye hisa kiasi gani cha kile kilichopatikana. Anayetaka kulijifunza akiwa Dar es Salaam, Arusha, Mombasa au Nairobi hakosi pa kuanzia. Tatizo lake ni kwamba ana njia nne mbele yake, kila moja ina watu wanaoisifu, na muda alionao baada ya kazi unatosha kufuata moja tu kwa uzito. Ya kwanza ni mitihani ya bodi za kitaaluma za uhasibu, yaani NBAA kwa Tanzania, KASNEB kwa Kenya, au ACCA ya Uingereza ambayo hufanyiwa mitihani kotekote. Ya pili ni darasa la chuo, hasa shahada ya uzamili ya biashara inayosomwa jioni au mwishoni mwa juma. Ya tatu ni mihadhara ya vyuo vikuu vya Marekani inayotolewa bure mtandaoni. Ya nne, ambayo wengi hawaihesabu kuwa njia, ni kusoma ripoti za mwaka za kampuni zilizoorodheshwa katika masoko yetu ya hisa, huku jedwali la Excel likiwa limefunguliwa pembeni.

Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya anayeanza: mhasibu aliyezoea kufunga hesabu lakini hajawahi kutathmini mradi, ofisa mikopo wa benki, mwenye biashara inayokua, au mhitimu wa fani nyingine anayetaka kuhamia upande wa fedha.

Vigezo vya kulinganishia

Nimetumia vigezo vinne. Cha kwanza ni mpangilio na upana: je, njia inamtoa mtu kwenye msingi na kumfikisha kwenye maswali yote matatu bila kuacha pengo? Cha pili ni namna inavyomfundisha kupata kiwango cha punguzo, yaani ile asilimia inayotumika kurudisha fedha za miaka ijayo katika thamani ya leo. Cha tatu ni ukaribu wake na maamuzi ya kampuni za kweli. Cha nne ni muda, fedha na cheti, ambavyo nimeviweka pamoja kwa sababu kwa kawaida havitengani.

Kigezo cha pili kinahitaji maelezo, kwa kuwa ndicho kinachozitofautisha njia hizi kuliko vingine vyote. Tuseme kiwanda cha kukamua mafuta ya alizeti mkoani Singida kinafikiria kununua mtambo wa shilingi milioni 120, ambao baada ya gharama zote na kodi utaingiza shilingi milioni 40 taslimu kila mwisho wa mwaka kwa miaka 5. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 12, mafungu hayo matano yana thamani ya leo ya shilingi milioni 144.2, kwa hiyo mtambo unawaongezea wenye kiwanda milioni 24.2. Kwa asilimia 18, ziada hiyo inashuka hadi milioni 5.1. Kwa asilimia 22, mafungu yaleyale yana thamani ya milioni 114.5, na kiwanda kinapoteza takriban milioni 5.5 kwa kununua mtambo ambao kwa hesabu ya haraka unarudisha fedha zake ndani ya miaka mitatu. Mtambo haukubadilika wala alizeti haikubadilika. Imebadilika namba moja tu. Kukokotoa mtu anaweza kufundishwa jioni moja. Kujua kwa nini kiwanda hiki kitumie asilimia 18 na si 12, na kuweza kulitetea hilo mbele ya bodi ya wakurugenzi au ya ofisa wa benki, ndiko kulikobeba uzito wa somo.

Mpangilio na upana

Mitihani ya bodi inaongoza hapa. NBAA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, na KASNEB, iliyoanzishwa mwaka 1969, hupanga masomo kwa hatua, na usimamizi wa fedha huingia baada ya mtahiniwa kuwa ameshaelewa hesabu. Mpangilio huo una faida kubwa, kwa maana asiyejua tofauti ya faida na fedha taslimu, au asiyeelewa kwa nini uchakavu hupunguza faida bila kutoa shilingi mfukoni, hataelewa mtiririko wa fedha wa mradi wowote. Silabasi haimruhusu mwanafunzi kuruka mada zisizompendeza: mtaji wa uendeshaji, yaani fedha za kuendeshea biashara siku hadi siku, ambao wanaojisomea wenyewe huudharau, hapo lazima ausome, na biashara nyingi za kwetu hufia hapohapo, kwenye madeni ya wateja yasiyolipwa na bidhaa zilizolala ghalani.

Ni vizuri kugusia CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji, kwa kuwa vijana wengi huidhania kuwa mlango mkuu wa somo hili. Mtihani wake wa hatua ya kwanza una maswali 180 ya kuchagua, na sehemu inayohusu fedha za kampuni ina uzito wa asilimia 6 hadi 9 tu. Ni mtihani wa mchambuzi wa uwekezaji, anayeitazama kampuni kutoka nje. Anayetaka kukaa ndani ya kampuni na kuamua atakuwa amesoma mengi asiyoyahitaji ili apate machache anayoyahitaji.

Darasa la chuo nalo lina mpangilio, ingawa hutegemea sana mwalimu. Katika shahada ya uzamili ya biashara, fedha za kampuni huwa somo moja au mawili kati ya mengi, sambamba na masoko na rasilimali watu. Upana wa jumla unapatikana, lakini kina cha somo lenyewe huwa cha wastani, labda mtu achague mchepuo wa fedha. Vyuo vilivyobobea, kama Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, kilichoanzishwa mwaka 1972, huingia ndani zaidi.

Mihadhara ya bure inatofautiana yenyewe kwa yenyewe, na anayeichagua afahamu hilo mapema. Aswath Damodaran, anayefundisha katika Chuo Kikuu cha New York tangu mwaka 1986, ameweka wazi mihadhara yake ya fedha za kampuni pamoja na maelezo, majaribio na majedwali, na ameipanga kwa kufuata maswali matatu niliyoanza nayo. Andrew Lo wa MIT, chuo kingine cha Marekani, ambaye mihadhara yake ya msimu wa vuli wa 2008 imo katika hazina ya masomo ya wazi ya chuo hicho, anaanzia kwenye thamani ya fedha kwa wakati, hati fungani (hati za mkopo ambazo serikali au kampuni huwauzia wawekezaji), hisa na nadharia ya hatari, na suala la kampuni kuchagua miradi huja mwishoni. Kwa anayependa kujua fomula imetoka wapi kabla ya kuitumia, Lo anafaa zaidi. Mwenye uamuzi unaomsubiri kazini ataona Damodaran anamfikisha upesi.

Ripoti za mwaka hazina mpangilio wowote wa kufundishia. Ukurasa mmoja unazungumzia mkopo wa fedha za kigeni, unaofuata pensheni za wafanyakazi, na msomaji anakutana na mambo ya hatua ya tatu kabla hajamaliza ya kwanza.

Kiwango cha punguzo kinatoka wapi

Kwenye mitihani ya bodi, mara nyingi kinatoka kwenye swali. Mtahiniwa hupewa gharama ya mtaji, yaani asilimia ambayo wakopeshaji na wenye hisa wanadai kwa fedha zao na ambayo ndiyo hutumika kama kiwango cha punguzo, au hupewa viungo vyake vyote, naye huvipanga katika fomula. Stadi hiyo haipaswi kudharauliwa. Anayeijua vizuri ataona mara moja kwamba mkopo wa riba ya asilimia 16, kwa kampuni inayolipa kodi ya mapato ya asilimia 30 kama ilivyo Tanzania na Kenya, unaigharimu kampuni asilimia 11.2 pekee baada ya kodi, iwapo ina faida ya kutozwa kodi na riba yote inakubaliwa kuwa gharama. Kasoro ni kwamba mtu anaweza kufaulu mitihani yote, akaajiriwa, akaombwa na bosi wake kutathmini mradi, na ndipo agundue kwamba hakuna aliyempa asilimia ya kuanzia.

Darasa la chuo liko katikati. Mwalimu mzuri huleta matokeo ya mnada wa hati fungani za serikali ambayo Benki Kuu ya Tanzania huyachapisha, akawauliza wanafunzi kama mfanyabiashara anayeweza kuikopesha serikali kwa riba hiyo na kulala usingizi anapaswa kukubali mradi wenye faida iliyo chini yake. Mjadala wa aina hiyo, darasani kukiwa na watu wa benki, wa ujenzi na wa serikali, haupatikani kwenye video. Kwa mwalimu anayesoma slaidi tu, wanafunzi hupewa asilimia 10 ya mfano mwaka baada ya mwaka.

Mihadhara ya bure ina nguvu kubwa na mtego mkubwa katika kigezo hiki. Nguvu yake ni kwamba Damodaran hampi mwanafunzi namba. Humfundisha kuijenga: aanze na riba isiyo na hatari, aongeze fidia ya hatari ya biashara, kisha aongeze fidia ya hatari ya nchi, na kila Januari yeye mwenyewe huchapisha jedwali la fidia hizo kwa nchi nyingi. Kwa sisi ambao soko letu la hisa ni dogo, hilo ni jambo la thamani. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na zipo hisa zinazoweza kupita siku kadhaa bila kuuzwa. Mtu akijaribu kupima hatari ya hisa kama hiyo kwa kulinganisha bei yake na mwenendo wa soko, atapata namba inayokaribia sifuri na kuhitimisha kwamba kampuni haina hatari, jambo ambalo hata mlinzi wa getini angelicheka. Njia ya kutumia wastani wa kampuni za sekta hiyohiyo kutoka masoko makubwa, ambayo mihadhara hiyo inaifundisha kwa kina, inaliepa tatizo hilo.

Mtego ni sarafu. Mifano mingi iko kwa dola, na anayeanza huchukua asilimia ya dola akaitumia kwenye mapato ya shilingi. Tuseme mtu amepata gharama ya mtaji ya asilimia 11 kwa dola, anatarajia mfumuko wa bei wa asilimia 2 Marekani na asilimia 5 nyumbani. Asilimia inayolingana nayo kwa shilingi ni 1.11 mara 1.05, gawanya kwa 1.02, toa moja: yaani takriban 14.3. Pointi hizo tatu na ushee zinatosha kugeuza mradi mbaya ukaonekana mzuri. Damodaran mwenyewe husisitiza kwamba sarafu ya mapato na sarafu ya punguzo ziwe moja, lakini msisitizo huo umo katika mihadhara ambayo anayeruka huku na kule kwenye video ataipita.

Ripoti za mwaka zina siri ndogo ambayo wanafunzi wengi hawaijui. Kenya imekuwa ikitumia viwango vya kimataifa vya uandaaji wa hesabu tangu mwaka 1999 na Tanzania tangu mwaka 2004, na kiwango kinachohusu kupungua kwa thamani ya mali, IAS 36, kinaitaka kampuni iliyopima thamani ya mali kwa kutumia mapato yake ya baadaye ieleze asilimia ya punguzo iliyotumia. Kwa hiyo kampuni iliyonunua kampuni nyingine, na kubeba ile ziada iliyolipwa juu ya thamani ya mali zake, mara nyingi itakuwa imeandika kwenye maelezo ya hesabu asilimia ambayo menejimenti na mkaguzi waliikubali, kwa kawaida kabla ya kodi. Sijaona zoezi lenye manufaa kuliko kukadiria asilimia ya kampuni mwenyewe kwanza, kisha kufungua maelezo hayo na kulinganisha.

Ukaribu na maamuzi ya kweli

Hapa ripoti za mwaka hazina mpinzani, na mfano mmoja unatosha. Safaricom, ambayo hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya kila moja, ilianza huduma za kibiashara Ethiopia Oktoba 2022 baada ya muungano wa wawekezaji inaouongoza kushinda leseni kwa dola milioni 850 mwaka 2021. Anayesoma ripoti zake kuanzia hapo, akikumbuka kwamba mwaka wake wa hesabu huishia tarehe 31 Machi, anayakuta maswali yote matatu ndani ya jalada moja. Uwekezaji: biashara ya Kenya inazalisha fedha, ya Ethiopia inazimeza, na msomaji anaweza kuitazama kila moja peke yake katika taarifa za sehemu za biashara. Mtaji: mikopo imeongezeka kiasi gani, kwa sarafu gani, na nini kilitokea baada ya Ethiopia kuiachia sarafu yake, birr, ijitafutie bei Julai 2024. Gawio: kampuni iliendelea kulipa shilingi 1.20 kwa hisa kwa kila mmoja wa miaka iliyoishia Machi 2023, 2024 na 2025, na kwa hisa bilioni 40 hivi hiyo ni takriban shilingi bilioni 48 kila mwaka. Je, kampuni inayokopa kwa ajili ya mradi mkubwa ilipe gawio la kiasi hicho? Kuna hoja nzito kila upande, na anayezipanga hoja hizo kwa namba zilizomo katika ripoti atakuwa amejifunza jambo ambalo hakuna sura ya kitabu inayoweza kumpa.

Onyo kwa Mtanzania: usianze na benki, hata kama CRDB na NMB ndizo ripoti unazozifahamu zaidi. Kwa benki, deni ni malighafi, na masuala ya gharama ya mtaji na mtaji wa uendeshaji hayafuati sura ya kawaida. Anza na kiwanda cha saruji au cha bia.

Njia nyingine tatu zinafuata kwa umbali tofauti. Mihadhara ya Damodaran inakaribia, kwa kuwa inamtaka mwanafunzi achague kampuni moja halisi na kuichambua muhula mzima. Hakuna kinachomzuia aliye Tanga kuchagua kampuni ya saruji ya nyumbani badala ya kampuni ya Marekani. Darasa la chuo huwa na visa vya kujadili, vingi kutoka ughaibuni na vya miaka iliyopita. Mitihani ya bodi hutumia kampuni za kubuni, zenye namba safi zinazogawanyika vizuri.

Muda, fedha na cheti

Mihadhara ya bure na ripoti hugharimu bando la intaneti na nidhamu. Ya pili ndiyo huadimika: mihadhara ina muhula mzima wa vipindi, na pasipo mtihani wala mwenzako wa kukuuliza, watu wengi huishia katikati. Yote inafundishwa kwa Kiingereza cha kasi, ingawa video inaweza kusimamishwa na kurudiwa, jambo ambalo mwalimu wa darasani hawezi kufanyiwa.

Mitihani ya bodi hulipiwa ada ya usajili, ya kila somo na, kwa wengi, ya vituo vya kujiandalia. NBAA ina vikao vikuu vya mitihani Mei na Novemba, ACCA hutahini Machi, Juni, Septemba na Desemba, na anayefanya kazi ajiandae kwa miaka, si miezi, ikiwa anataka cheti kizima. Malipo yake ni kwamba cheti hicho ndicho matangazo ya kazi za uhasibu na fedha hukitaja kwa jina. Shahada ya uzamili ndiyo ghali kuliko zote, na thamani yake kwa sehemu kubwa iko katika watu utakaokaa nao dawati moja na katika vyeo vinavyoidai, hasa serikalini na kwenye mashirika ya umma.

Ipi kwa nani

Mhasibu aliyeajiriwa na anayelenga ukuu wa idara ya fedha asiiache njia ya bodi, kwani pasipo cheti milango mingine haitafunguka hata akijua kukokotoa vipi. Ajaze pengo la kiwango cha punguzo kwa kuchukua ripoti moja ya kampuni kila baada ya kikao cha mtihani, wakati akili imepumzika na matokeo hayajatoka.

Ofisa mikopo au mchambuzi wa benki, ambaye tayari anasoma mizania kila siku, atafaidika zaidi na mihadhara ya Damodaran, akiifuata kwa mfululizo wake na kufanya kazi zote kwa kampuni ya Afrika Mashariki. CFA, au cheti cha uchambuzi wa uwekezaji na fedha cha KASNEB kinachoitwa CIFA, kitamfaa baadaye akiona anavutiwa na masoko ya mitaji.

Mwenye biashara hahitaji cheti cha mtu. Kwake thamani ya fedha kwa wakati, mtiririko wa fedha wa mradi na mtaji wa uendeshaji vinatosha kwa mwaka wa kwanza. Achukue mihadhara ya mada hizo tatu, kisha afanye kwa namba zake mwenyewe hesabu niliyoifanya kwa kiwanda cha Singida, kwa viwango vitatu tofauti, kabla ya kutia saini mkopo wowote.

Mhitimu wa uhandisi, sheria au fani nyingine asiyejua hesabu za kampuni kabisa asianze na ripoti, wala asianze na Lo, hata kama hisabati anaiweza. Ajisomee kwanza hatua za mwanzo za uhasibu katika silabasi ya bodi, hata bila kujisajili, mpaka aweze kueleza kwa nini kampuni yenye faida inaweza kukosa fedha za mishahara. Kutoka hapo mihadhara itamwingia.

Na meneja wa miaka mingi, mwenye uzoefu na fedha za kulipia ada lakini aliyechoka kusoma peke yake usiku, aende darasani. Kabla ya kulipa, aombe kuona muhtasari wa somo la fedha na mtihani mmoja wa nyuma, na aangalie kama gharama ya mtaji imeandikwa ndani ya swali au mwanafunzi ameachiwa aitafute.